Bahasha ya Mashindano ya Kumi na Nane

Jumapili, 2 Machi

Nimesoma kitabu chao. Nimekisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, maana kukaa nilishindwa.

Mwezi huu klabu yetu ya sataranji inafikisha mashindano ya hamsini, na Mwenyekiti ameandika historia ya klabu. Kurasa arobaini, picha yake iko kwenye tisa — nimehesabu. Leo tumegawiwa rasimu tuikosoe "kwa nia njema". Nia yangu ilikuwa njema mpaka ukurasa wa kumi na nne. Mashindano ya kumi na nane, fainali, miaka thelathini na miwili iliyopita: Mwenyekiti, wakati huo kijana mwenye nywele, dhidi ya "mshiriki wa kike". Mchezo ukaahirishwa jioni. "Kesho yake ilibainika kwamba mpinzani alikuwa amekubali kushindwa, kwa maandishi, ndani ya bahasha."

Mshiriki wa kike ni mama yangu. Sasa hivi yuko sebuleni anagombana na redio.

Na hakukubali kushindwa. Kesho yake asubuhi alikuwa hospitali, ananizaa mimi.

Niandike vizuri nisije nikajichanganya mbele yao. Zamani mchezo ukipita masaa manne unasimamishwa mpaka kesho. Mwenye zamu hachezi ubaoni. Anaandika hatua yake kwa siri kwenye karatasi, anaitia kwenye bahasha, bahasha inagundishwa, wote wawili wanatia sahihi pale ilipofungiwa, mwamuzi anaondoka nayo. Kesho inafunguliwa, hatua inachezwa, mnaendelea mlipoishia. Basi. Mama aliandika yake saa kumi na mbili jioni. Kabla jua halijachomoza nilikuwa nimeshafika duniani.

Nilimpelekea ukurasa. Akavaa miwani, akasoma, akaguna. Akasema angalau wameandika "wa kike", wangeweza kuandika "mwingine". Akarudi kwenye redio yake. Alikuwa mpokea simu miaka ishirini na saba, kazi yake ilikuwa kusikiliza watu wanapiga kelele bila yeye kupandisha sauti. Mimi sikurithi hiyo.

Jumatano, 5 Machi

Leo asubuhi nani kaja maabara yetu ya meno ya bandia? Mwenyekiti!

Seti ya chini inamlegea. Daktari kamwangalia kule mbele, kaniletea maelezo: punguza kushoto, ongeza nyuma. Meno yale nilimtengenezea mimi mwaka juzi, nayajua kuliko anavyoyajua mwenyewe. Hotuba zote zile za klabu hupitia kwenye kazi ya mikono yangu.

Kwa kuwa tunajuana, alikuja mpaka chumba cha nyuma, kwenye plasta na vumbi letu. Nikampa shikamoo yake. Nikamtia nta mdomoni, nikamwambia aume na asiseme neno mpaka igande. Ndipo nikamwuliza habari za ukurasa wa kumi na nne.

Najua, si uungwana. Lakini tangu nijiunge na klabu ile ni mara ya kwanza nimemaliza sentensi tatu mbele yake bila kukatizwa.

Nta ilipotoka akasema, binti, mimi mama yako namheshimu sana, alikubali kishujaa. Bahasha yenyewe ipo, siku ya sherehe itawekwa kwenye kabati la vioo kila mtu aione. Alisema hivyo bila wasiwasi wowote. Nadhani anaamini. Mtu akisimulia jambo miaka thelathini, linakuwa lake.

Nikayasugua meno yake kwa uangalifu wote, kidogo kidogo, nisije nikasemwa. Akayavaa, akatafuna kipande cha mkate mbele yangu, akasema hajawahi kujisikia vizuri hivi.

Jumamosi, 8 Machi

Raundi ya tano: nimeshinda. Niko juu peke yangu! Kesho raundi ya mwisho, halafu wawili wa juu wanaingia fainali Jumamosi ijayo. Mama naye alifika fainali akiwa na umri huu huu. Sikumwambia mtu, lakini nimeliwaza mchana kutwa.

Baada ya mchezo nilimfuata Katibu. Tunamwita Kalenda, kwa sababu ukimtajia mashindano yoyote anakutajia siku, ukumbi, na nani alimwaga chai kwenye ubao. Nikamwomba anionyeshe bahasha. Akasema anawe mikono kwanza. Akaniambia na mimi ninawe, vidole vyangu vina plasta. Akafungua kabati la chuma, akatoa faili la kumi na nane, akaiweka mezani.

Bahasha ya kaki, ndogo. Mbele kuna mwandiko wa mwamuzi wa wakati ule, marehemu sasa: majina mawili, na dakika zilizobaki kwa kila mmoja. Mwenyekiti thelathini na nane. Mama ishirini na sita. Nikaigeuza. Sahihi mbili zimekatiza pale ilipogundishwa, na muhuri wa klabu juu yake. Sahihi ya Mama inateremka, kama ya mtu aliyetia sahihi huku anainuka.

Nilikuwa nimeshamshukuru Kalenda na nimefika kwenye ngazi, ndipo likanijia. Nikarudi mbio. Nikamwomba aitoe tena, akaitoa akilalamika.

Imefungwa. Haijachanika hata upande mmoja. Sahihi ni nzima, muhuri ni mzima. Haijawahi kufunguliwa.

Sasa Mwenyekiti alijuaje kilichoandikwa ndani?

Kalenda, mtu anayekumbuka kila kitu, aliigeuza bahasha mara mbili. Kisha akasema amelishika faili lile zaidi ya mara mia na hajawahi kujiuliza.

Jumapili, 9 Machi

Raundi ya sita sare. Imetosha. Niko fainali.

Wakati wa chai nikamfuata Mwenyekiti, mbele ya watu, makusudi. Nikamwambia bahasha haijafunguliwa. Akatabasamu — kwa meno yangu! — akasema, binti, kutokuja ni kukubali. Nikamwambia basi aandike "hakuja", na aandike kwa nini hakuja. Akasema historia haiwezi kujaa mambo ya hospitali. Wawili walicheka. Wengine wakawa wanakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka.

Jioni nilikwenda kwa Mjomba. Ndiye aliyemfundisha Mama kucheza, na kete za nyumbani kwetu alizichonga yeye kwenye karakana yake. Nikamwuliza asubuhi ile ilikuwaje. Akaweka randa chini.

"Mpwa wangu, mimi ndiye niliyekwenda ukumbini. Saa tatu kasorobo nilikuwa mlangoni, sijalala, shati nimevaa ndani nje. Nikamwambia mwamuzi, dada yangu kajifungua, ni mtoto wa kike, naomba mtupe wiki moja. Mwamuzi akasema inaruhusiwa, mpinzani akikubali tu. Akamwuliza."

"Akasemaje?"

"Hata hakunitazama. Aliitazama saa. Akasema kanuni ni kanuni, iwashwe. Ikawashwa ya mama yako. Nikasimama pale ukutani, nikaiangalia mpaka kibendera kikaanguka."

Dakika ishirini na sita alisimama ukutani. Hakuwahi kuniambia. Anasema aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeshindwa.

Naiandika hivyo hivyo ilivyo: nina hasira.

Jumanne, 11 Machi

Nimeipata! Nimeipata wakati wa chakula cha mchana, mkono mmoja mkate, mwingine kitabu cha kanuni za zamani nilichoazima kwa Kalenda.

Kanuni ya ishirini na moja. Nanakili neno kwa neno: "Muda wa kuendelea ukifika, mwamuzi atafungua bahasha, atacheza ubaoni hatua iliyomo, kisha atawasha saa ya mpinzani, aliyeandika awepo au asiwepo."

Saa ya sataranji ina nyuso mbili, kila mchezaji na wake. Ukicheza, yako inasimama, ya mwenzako inakimbia. Mama alikuwa ameshacheza. Hatua yake ilikuwa ndani ya bahasha, kazi yake iliisha jioni ile. Asubuhi ile zamu ilikuwa ya Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwepo, kakaa kitini mzima wa afya. Saa iliyotakiwa kukimbia ni yake.

Waliwasha saa isiyotakiwa!

Na huenda haikuwa hila. Nimeliwaza hilo pia, nisimwonee mtu. Kiti kitupu kinavuta mkono. Raundi yoyote mtu akichelewa, tunawasha saa ya aliyechelewa, tumezoea, hatufikirii. Wote mle ukumbini waliona kiti kitupu. Hakuna aliyekumbuka bahasha. Na yule aliyekumbuka, kama yupo, ilimfaa kusahau.

Kwa hiyo mchezo ule haujaisha. Mwenyekiti ana zamu tangu siku niliyozaliwa.

Nimekimbia nyumbani kumwambia Mama. Nilidhani atafurahi. Akakunja khanga aliyokuwa anaikunja, akakunja na nyingine. Akasema niache.

Nikamwuliza anaachaje.

"Mwanangu, uchungu ulinianza saa tisa. Nilikaa pale masaa matatu na uchungu, sikutaka wajue. Wakati naandika ile hatua meza ilikuwa inazunguka. Sikumbuki niliandika nini. Nimejaribu, sikumbuki."

"Tutajua tukiifungua."

"Na kama niliandika upuuzi? Ikiwa imefungwa, sijashindwa."

Nakala ya mchezo ule ninayo, nimeupanga tangu nikiwa shule ya msingi. Mama ana ngome na askari wawili, mmoja karibu anafika mwisho apate kuwa malkia. Mwenyekiti ana ngome, askari mmoja, na farasi anayeziba njia. Nimejaribu hatua kumi na moja za Mama. Tisa zinapoteza. Hilo sijawahi kumwambia, na leo nilijua kwamba analijua.

Alhamisi, 13 Machi

Barua yangu niliipeleka jana. Sikuomba bahasha ifunguliwe — hiyo ni ya Mama, si yangu. Niliomba ukurasa wa kumi na nne uandikwe upya: saa iliwashwa kimakosa, kanuni ya ishirini na moja haikufuatwa, mchezo haukumalizika. Na jina lake liandikwe.

Leo kamati wameniita. Watu watatu nyuma ya meza ndefu, mimi kwenye kiti cha plastiki. Mwenyekiti hakupandisha sauti. Akasema mashindano ya hamsini ni ya furaha, wageni watakuja, si wakati wa kufukua. Nikiondoa barua, fainali yangu ipo Jumamosi. Nisipoiondoa, watalazimika kuona kwamba mchezaji aliye kwenye mgogoro na klabu hawezi kugombea kombe la klabu.

Nikauliza hiyo ni kanuni ya ngapi.

Wakatazamana. Mmoja akafungua kitabu, akakifunga.

Nataka kusema nilijibu papo hapo. Sivyo. Nililiona kombe. Nimelitaka lile kombe tangu nina miaka tisa, nimeacha harusi za watu kwa ajili ya lile kombe. Nilikaa kwenye kiti kile mpaka plastiki ikalia. Halafu nikamwona Mjomba ukutani, na shati lake la ndani nje.

Nikawaambia barua inabaki. Nikawaambia na kiti chao wakibadilishe, kinatia aibu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetimiza miaka thelathini na miwili. Nimeondolewa rasmi, tangazo limebandikwa mlangoni.

Mama kalisikia kwa Kalenda kabla sijafungua mdomo. Kaniandalia chai, kaweka na maziwa, kakaa mbele yangu. Kisha akaniambia nikamchukulie gauni lake la kijani kwa fundi, anahitaji kulivaa Jumapili.

Nikamwuliza Jumapili kuna nini.

"Nina mchezo," akasema.

Jumamosi, 15 Machi

Fainali imechezwa bila mimi. Nilikwenda, nikakaa safu ya mbele, mikono nimeikunja, nikawaangalia wote wawili mpaka mwisho. Mchezo mbovu. Nimepiga makofi kwa adabu.

Mwamuzi wetu, mwalimu wa jiografia, mwanamke asiyecheka ovyo, alinipita mlangoni. Akaniuliza kanuni ile niliyoiandika ni ya ngapi. Nikamwambia. Akaiandika kiganjani, akaenda zake.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nyuma ya ratiba ya sherehe, nitabandika baadaye. Kalamu nimeazima. Nikisubiri mpaka nyumbani nitaanza kupamba.

Ukumbi umejaa. Maua ya plastiki, maspika, wageni wa vilabu vingine, kabati la vioo pale mbele. Mama kaingia na Mjomba katikati ya hotuba. Gauni la kijani. Hawakukaa. Walisimama ukutani, pale pale alipowahi kusimama Mjomba, nilimwona anaonyesha kwa kidole.

Mwenyekiti alikuwa amefika ukurasa wa kumi na nne. Akaonyesha bahasha kwenye vioo. Akasema "alikubali kishujaa". Mama akasubiri amalize sentensi. Ndipo akasema, kwa sauti ile ya mpokea simu, si kubwa, lakini kila mtu aliisikia:

"Samahani, Mwenyekiti. Ni zamu yako."

Watu walidhani ni utani. Mwenyekiti pia, alicheka. Mwamuzi akainuka na kitabu, akasoma kanuni ya ishirini na moja. Akairudia. Mgeni mmoja mzee wa klabu ya jirani akasema, hiyo ni kweli, kwetu pia ilikuwa hivyo. Mwingine akauliza kwa nini bahasha haijafunguliwa. Mwenyekiti akamtazama Kalenda amsaidie. Kalenda alikuwa ameshaanza kupanga kete. Bila karatasi! Kila kete mahali pake.

Mbele ya watu wote wale angesemaje? Akakaa.

Mama akakaa mbele yake. Nilimfuata, nikamnong'oneza kwamba bado anaweza kuiacha imefungwa, hakuna atakayemlaumu. Akanipapasa mkono. Akasema amebeba kitu hiki muda mrefu kuliko alivyonibeba mimi. Nenda ukakae.

Nimekaa safu ya pili. Mwamuzi amewaonyesha wote wawili sahihi zao. Amechana bahasha kwa wembe. Ametoa karatasi, ameisoma, ameisoma tena. Nilitazama uso wake nikashindwa kuusoma.

Amechukua mfalme wa Mama. Amemrudisha nyuma chumba kimoja.

Basi. Hiyo tu. Askari hakusogea, ngome haikusogea. Mfalme karudi nyuma kidogo, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Nyuma yangu mtu kasema, maskini. Hatua hii haimo kwenye kumi na moja zangu, sikuwahi hata kuiwazia.

Mwamuzi ameweka saa: thelathini na nane, ishirini na sita. Amewasha ya Mwenyekiti.

Dakika tano. Nimeipanga kichwani mara ya tatu. Subiri. Akisogeza ngome, askari wa Mama anapita. Akisogeza farasi, anapita. Askari wake mwenyewe kazibwa. Mfalme wake akisogea anaiacha ngome peke yake. Kila kitu chake kiko mahali pazuri mradi asiguse kitu — na lazima aguse, ni zamu yake. Mama hakukimbilia popote. Alimwachia zamu. Meza inazunguka, uchungu masaa matatu, akaliona hilo. Nalia hapa kama mjinga, mgeni wa klabu ya jirani kanipa leso.

Mjomba naye kaona. Bado yuko ukutani, kashika kofia kwa mikono miwili.

Dakika kumi na mbili. Mwenyekiti hajacheza mashindano miaka kumi na moja, lakini si mjinga. Shingo imelowa. Mkono umekwenda kwa farasi — amemgusa. Ameuondoa. Ukigusa umecheza, hiyo kila mtu humu anaijua, huwa anawafokea nayo wageni. Mwamuzi ameona. Safu nzima ya mbele imeona. Mama ameona, hajasema neno.

Kumi na tisa. Bado hajamsogeza.

Ishirini na mbili. Ameinua kichwa. Anamwambia Mwamuzi meno yanamuuma, seti ya chini, hawezi kufikiri. Anaomba mchezo usimamishwe, uendelee wiki ijayo.

Ukumbi mzima umegeuka kunitazama mimi! Nimesimama. Nimesema meno yale yametoka mikononi mwangu juzijuzi na aliyatafunia mkate mbele yangu. Watu wamecheka. Mwamuzi hakucheka. Amesema kanuni inaruhusu kusubiri wiki moja, mpinzani akikubali tu. Amemgeukia Mama, amemwuliza kama anakubali.

Mama amevua miwani. Ameifuta kwa upindo wa gauni, taratibu, kioo kimoja halafu cha pili. Ameivaa.

Hamtazami Mwenyekiti. Anaitazama saa.